Tundu la Buluu

Katika kitongoji cha Ngrandu, chini ya volkano waliyoiita Mlima tu, Winarsih alijulikana kwa vitu viwili: tempe yake na woga wake. Tempe, soya iliyochachushwa ikashikana kama mkate, aliifunga kwa majani ya mgomba, vifurushi vidogo vidogo, na kufikia saa moja asubuhi ilikuwa imekwisha yote. Woga hakuna aliyeutaka, kwa hiyo alishinda nao mwenyewe. Nawang, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na mitatu, akichelewa dakika kumi kutoka shule, mama yake yuko barabarani anaulizia wapita njia. Mumewe Parjono alikuwa mchimba mchanga mtoni, na siku Mlima ukivaa mawingu Winarsih alikuwa anaunguza tempe jikoni kwa kuchungulia dirishani.

"Mama Nawang, huyo mtoto utamfunga kamba kama mbuzi," Bi Tumirah alimtania siku moja.

"Kamba ingetosha ningemfunga jana."

Bi Tumirah huyo zamani alibeba mchanga kichwani pamoja na wanaume, mpaka jiwe likamvunja nyonga. Sasa alikaa kwenye kibanda cha ulinzi, kilimani juu ya nyumba, mbele ya kioo kimoja na redio ya mkononi. Kwenye kioo alitazama mto. Kule juu, kwenye kona kabla maji hayajashuka kwa wachimbaji, palikuwa na mlingoti wenye kamera. Tope la Mlima likishuka, lile la maji, majivu na mawe makubwa kama vyumba, Bi Tumirah aliliona kwanza, akaita kwenye redio, na watu wakawa na dakika saba au nane za kutoka mtoni. Huku chini mvua huenda isinyeshe kabisa. Jua linawaka, na kifo kinakuja kutoka juu.

Aliyeleta kamera hiyo ni Giyanto, kijana wa pale pale. Ndiye aliyevuta mtandao kutoka mjini na kuusambaza nyumba ishirini na saba, waya juu ya mapaa, na kamera ikapitia humo humo. Siku alipofunga waya nyumbani kwa Winarsih, miaka mitatu nyuma, alikunywa kahawa barazani na Winarsih akamuuliza kile kisanduku chenye taa kinafanya nini hasa, maana kazi yake ilionekana ni kumeta tu.

"Hii ni ruta, Mama Nawang. Shemeji Parjono si anapanga foleni ya malori pale darajani? Lori likifika linapewa namba. Bila namba halijui lishuke lini, na mwenye mchanga hajui ampakilie nani. Simu nazo ni hivyo hivyo. Ikiingia tu inauliza, jamani namba yangu ipi, na njia ya kutokea nje ipi? Ruta kubwa iliyoko kibandani inaijibu. Hivi vya majumbani vinapokea na kupitisha tu."

"Na akitokea mtu mwingine darajani naye akagawa namba?"

Giyanto alicheka. "Basi malori mawili yanakuwa na namba saba, mengine yanaelekezwa njia isiyofika popote. Hapo ni ngumi. Kwa hiyo anayegawa ni mmoja tu. Mkitaka kuongeza kitu, niiteni. Hata usiku wa manane nakuja."

Winarsih aliyakumbuka maneno hayo baadaye, neno kwa neno. Wakati huo aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine.

Mwaka huu ndipo Nawang alipopewa simu, kwa ajili ya masomo. Masomo yalikuwa nusu saa, simu ilikuwa mpaka macho yanawasha. Alhamisi moja, kina mama walipokutana kuwasomea marehemu sura ya Yasini, mmoja akasimulia habari ya msichana wa kijiji cha jirani aliyezungumza miezi minne na mtu kwenye simu akidhani ni mwanafunzi mwenzake. Siku ya kuonana akakuta mwanamume mwenye mvi. Alirudi salama, lakini kwa bahati tu. Winarsih aliaga mapema. Alipofika nyumbani alimkuta Nawang amejikunyata kona anacheka na simu.

"Unacheka na nani?"

"Na Rinjani, mama. Rafiki yangu. Unamjua!"

"Nionyeshe."

"Mama, jamani!"

Angeweza kumwendea Giyanto. Ingemchukua dakika tano kumpangia mtoto saa zake. Lakini angemwambiaje kwamba hamwamini binti yake mwenyewe? Kesho kitongoji kizima kingejua, na mtoto angechekwa darasani. Kwa hiyo alipopeleka tempe mjini aliingia kwenye duka la vitu vilivyotumika, nyuma ya soko, akauliza kimya kimya kama kuna kifaa cha kumfungia mtoto mtandao.

Muuzaji alimletea ruta nyeupe iliyogeuka manjano kwa uzee. Hakuwa mtu mbaya. Alimwekea mkeka na kumfundisha kwa subira, na Winarsih akaandika yote kwenye daftari la oda za tempe, kwa mwandiko wake wa darasa la sita: ingiza kijiti kwenye tundu dogo, shikilia mpaka taa zizime, ndipo isahau mambo ya mwenye nayo wa kwanza. Unganisha simu. Andika zile namba zilizobandikwa mgongoni, ukurasa ufunguke. Badilisha neno la siri la waifai. Badilisha na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, maana hayo ni maneno mawili tofauti, na watu wengi hubadilisha la kwanza tu wakaacha la pili kama lilivyotoka kiwandani. Kisha saa za simu ya mtoto: kufungua saa kumi jioni, kufunga saa mbili usiku.

"Jina la waifai nimelificha, majirani wasidandie," muuzaji akasema. "Sasa hapa nyuma, mama, angalia vizuri. Tundu moja la buluu, manne ya njano. Waya unaotoka nje unaingia buluu. Buluu ndiyo mlango wa kuingilia. Manjano ni ya ndani."

Aliandika na hilo: *wa nje, buluu*. Akalipigia mstari.

Tatizo ni kwamba tundu la buluu lilikuwa limechoka. Jumatatu, Nawang akiwa shule na Parjono akiwa mtoni, Winarsih alipanda kwenye kiti, akachomoa waya kwenye ruta ya Giyanto, akauchomeka kwenye ya kwake. Taa haikuwaka. Akausukuma, akaushikilia kwa kidole ikawaka, akaachia ikazima. Akajaribu kuufunga kwa uzi. Wapi. Mwishowe, jasho linamtoka, akauchomeka kwenye njano. Taa ikawaka, ikatulia. Akashika simu akafungua video ya mapishi, nayo ikacheza bila shida. Basi, akajisemea, tundu ni tundu.

Hakujua kwamba ruta ile, ikiwa na waya wa nje kwenye tundu la njano, ilikuwa inaiona Ngrandu yote kama sebule yake. Tayari ilikuwa imesimama darajani kugawa namba. Ila malori yote yalikuwa na namba zao tangu zamani, na hakuna aliyekuja kuiuliza kitu. Siku mbili zilipita kwa amani. Nawang alinuna, mama akalala usingizi.

Jumatano mchana umeme ukakatika. Kule juu Mlima ulikuwa mweusi, huku chini jua kali. Baada ya dakika chache umeme ukarudi, na kila kifaa kitongojini kikaamka kimepoteza namba, kikauliza. Ruta kubwa ya kibandani ilikuwa nzito, iliamka taratibu kama mzee. Ile ndogo ya sokoni iliamka haraka, ikajibu yenyewe. Kamera ya mtoni nayo, njia yake ilipokatika na kurudi, iliomba namba. Giyanto alikuwa amesema mara nyingi kwamba ataipa namba ya kudumu isiwe inaombaomba, ila kila wiki kulikuwa na paa la mtu la kupanda.

Winarsih alikuwa anakunja majani ya mgomba aliposikia pikipiki. Giyanto alisimama mlangoni, koti la mvua la manjano begani, redio kiunoni, simu mkononi.

"Mama Nawang, shikamoo ya haraka haraka. Mtandao unapata?"

"Haupati. Si umeme huo?"

"Si umeme. Picha ya mto imeganda, kamera haiitiki. Halafu simu yangu imepewa namba ya ajabu ambayo mimi sijawahi kuigawa." Alijifuta uso. "Kuna mtu kachomeka ruta mahali upande huu. Si wewe, dada yangu?"

Hapo ndipo. Yeyote anayesoma habari hii asimame hapa kidogo, maana yaliyofuata yote yalitoka katika jibu hili. Ile ruta ilikuwa mita mbili nyuma ya mgongo wake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha maua. Aliona aibu. Alifikiria kicheko cha Giyanto, kicheko cha Bi Tumirah, kina mama wa Alhamisi wakinong'ona. Alifikiria kwamba akishaondoka ataichomoa taratibu na yatakwisha, hakuna atakayejua.

"Mimi?" akasema. "Mimi najua kuchomeka nini zaidi ya pasi?"

Giyanto akatabasamu. Alimwamini, ndivyo alivyokuwa. "Kweli. Basi nyumba zilizobaki ni nyingi, nikizunguka zote Mlima hautanisubiri. Nakwenda kwenye kona ya kamera mwenyewe niwe macho ya wachimbaji. Mkishamjua mwenye ruta mwambieni nitamnyonga kesho."

Pikipiki ikapanda kuelekea juu.

Winarsih alisimama akiangalia vumbi. Alikuwa anageukia kabati Nawang alipoingia mbio, sare imelowa jasho.

"Mama, baba kasema atachelewa! Nimemkuta darajani anashuka mtoni, kuna lori la ziada."

"Leo si alisema hashuki?"

"Kashuka. Na Bi Tumirah anapiga kelele kwenye redio watu watoke, wao wanamcheka, wanasema jua linawaka, ataonaje tope kwenye picha iliyoganda."

Winarsih hakumbuki jinsi alivyofika kabatini. Alivuta waya kwa nguvu mpaka kitambaa kikapasuka, akaikumbatia ruta, akatoka bila kandambili. Kilima cha kibandani alichokuwa akikipanda kwa kupumzika mara mbili alikipanda kwa pumzi moja.

Bi Tumirah alikuwa ameinamia kioo. Pale kwenye picha palikuwa na mfuko wa plastiki ulionasa kwenye tawi, ambao miezi yote hiyo ulikuwa unapepea. Sasa ulikuwa umesimama, umetuna upande mmoja.

"Ni mimi," Winarsih akasema. "Ni hii hapa. Nilichomeka mimi. Nimeshachomoa."

Bi Tumirah aliitazama ruta, akamtazama yeye. Hakumtukana. "Zima hicho kikubwa ukutani," akasema. "Hesabu kumi. Washa."

Alizima, akahesabu kwa sauti, akawasha. Taa zikaanza kumeta moja moja, na Bi Tumirah akabonyeza redio. "Giyanto. Giyanto. Kosa limepatikana. Rudi."

Redio ikakwaruza. "Nimeshafika kwenye kona, bibi. Picha imerudi?"

"Bado, inaamka."

"Basi nakaa mpaka irudi. Watu hawawezi kubaki bila jicho. Huku juu mvua ni ya ndoo."

Winarsih akamnyang'anya Bi Tumirah redio. "Baba Nawang! Baba Nawang, toka mtoni!"

Kukawa na kicheko cha wanaume, halafu sauti ya Parjono, karibu kabisa, kama yuko chumba cha pili. "Ameshaanza! Mke wangu, jua linatuunguza huku. Tunamalizia lori moja tu."

"Nakuomba. Nakuomba toka."

"Jana uliniomba, juzi uliniomba. Kila nikivaa kofia unaniomba. Pika, nakuja."

Alikuwa ameshamwambia neno hilo mara elfu, na siku lilipokuwa la kweli halikuwa na uzito tena. Alirudisha redio. 

Taa ya mwisho ikawa kijani. Kioo kikawa cheusi, kikawa na mistari, kisha kikafunguka. Mvua ilikuwa inapiga lenzi. Ule mfuko ulikuwa unapigapiga tawini kama kitu kinachotaka kujinasua. Na chini ya mlingoti, mgongo kwenye kamera, palikuwa na mtu mwenye koti la manjano.

"Nakuona!" Bi Tumirah akapiga kelele. "Picha imerudi, mwanangu, shuka! Shuka sasa hivi!"

Giyanto aligeuka, akaitazama kamera, akainua mkono. Walimwona anacheka. Akapiga hatua mbili kuiendea pikipiki yake.

Halafu akasimama. Aligeuza kichwa kule mto unakotokea, kama mtu aliyeitwa jina. Kwenye kioo hakukuwa na sauti, lakini wao waliisikia kupitia redio aliyokuwa ameibonyeza: mlio kama treni ndani ya ardhi. Angeweza kukimbia. Pikipiki ilikuwa pale. Yeye aliileta redio mdomoni.

"Linakuja! Tokeni! Nimeliona kwa macho yangu, acheni lori, tokeni wote! Shemeji Parjono, tokeni!"

Sauti ile hawakuicheka. Haikuwa ya mke mwoga wala ya bibi mwenye picha iliyoganda. Ilikuwa ya mtu anayeliona. Winarsih alisikia chini kule koleo zikitupwa, watu wakiitana majina, msikiti ukianza kutangaza. Macho yake hayakutoka kwenye kioo. Koti la manjano lilirudi nyuma hatua moja, na ukingo ukaondoka chini yake. Halikuanguka. Ardhi iliondoka tu, nalo likaondoka pamoja na ardhi. Kisha kikapita kitu cheusi, na kioo kikabaki cheusi.

Watu kumi na wanne walitoka mtoni siku ile. Lori lilizikwa mpaka paa. Parjono alipanda ukingo kwa magoti, na alipofika nyumbani alikaa kizingitini na tope mpaka masikioni. Giyanto walimpata siku ya pili, mbali sana chini, kwenye mashamba ya mpunga ya watu wasiomjua.

Kitongojini walisema ni ajali, ndivyo Mlima ulivyo. Bi Tumirah hakusema zaidi. Alinyamaza siku sita, akimwachia Winarsih nafasi ya kusema mwenyewe, na kunyamaza huko kulikuwa kuzito kuliko matusi.

Siku ya saba walisoma dua nyumbani kwa marehemu. Winarsih alipeleka tempe vikapu vitatu, akakaa nyuma karibu na mlango. Dua ilipoisha, kahawa ikipitishwa, alisimama. Hakuwa amewahi kusimama mbele za watu. Alisema yote: duka la sokoni, tundu la buluu, tundu la njano, kitambaa cha maua. Alipofika kwenye swali la mlangoni alilisema na jibu lake kama alivyolijibu, pamoja na ile pasi.

Endah, mjane wa Giyanto, alikuwa amepakata mtoto wa miezi mitano.

"Kuchomeka vibaya hata yeye alichomeka," akasema. "Mara ngapi alizima kitongoji kizima akarudi hapa anajicheka. Hilo halinihusu. Lakini alikuuliza, Mama Nawang. Alifika mlangoni kwako akakuuliza."

"Aliniuliza."

"Na alikuamini."

"Aliniamini."

Endah hakusema kwamba amesamehe, na Winarsih hakuomba. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama mtoto, aliyekuwa amelala.

Kamera mpya iliwekwa mwezi uliofuata na fundi kutoka mjini, ikapewa namba yake ya kudumu. Winarsih alisimama chini ya ngazi mpaka alipoiona namba hiyo imeandikwa ukutani kibandani kwa rangi. Kisha akamwomba Nawang kichupa chake cha rangi ya kucha, ile nyekundu aliyokuwa amemkataza kupaka.

Wakazunguka nacho, mama na binti, nyumba moja baada ya nyingine, zote ishirini na saba. Kwenye kila ruta waliyoikuta Nawang alipaka duara jekundu kuzunguka tundu la waya wa nje, na mama yake akamweleza mwenye nyumba kwa nini. Alieleza polepole, hakuacha kitu, hata pale watu walipomwambia basi, Mama Nawang, tumeshasikia. Kila mlango aliuliza swali lile lile kabla ya kuondoka, kwa sauti ya chini, bila kuangalia kabati la mtu.

"Kuna kingine chochote mmechomeka? Niambieni tu. Sitacheka."

Katika nyumba ya kumi na tisa, mzee mmoja alijikuna kichwa, akaingia ndani, akatoka na kisanduku kingine chenye taa nne za kijani, ambacho Giyanto hakukifunga.